Peptidi za Protini ya Chakula na Afya ya Mifupa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi yanayohusu watu wenye hali maalumu. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Peptidi ni nini, na inatofautianaje na protini?

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino zilizoungana moja baada ya nyingine, kisha mnyororo wenyewe ukajikunja na kupata umbo lake. Ukikatwa vipande vifupi, kila kipande huitwa peptidi. Hakuna mpaka ambao wataalamu wote wameuafiki, ila kwa desturi mnyororo usiozidi takriban asidi amino 50 huhesabiwa kuwa peptidi. Zile zinazozungumziwa katika lishe ni fupi zaidi, kwa kawaida kati ya asidi amino 2 na 20.

Linalozipa peptidi tabia zake ni mpangilio. Mwili hutumia aina 20 za asidi amino kuunda protini zake, na kama vile herufi za neno «kata» zikipangwa upya hutoa neno «taka», ndivyo asidi amino zilezile zikipangwa vingine hutoa peptidi yenye kazi tofauti, au isiyo na kazi yoyote inayojulikana.

2. Peptidi hizi hutoka wapi?

Zimo ndani ya protini tunazokula kila siku, lakini zikiwa zimefungwa katikati ya mnyororo hazifanyi lolote mpaka zikatwe. Kuna njia tatu za kuzikata. Ya kwanza ni usagaji wa chakula, ambapo vimeng'enya vya tumbo na kongosho, kama pepsini na tripsini, huukata mnyororo katika sehemu maalumu. Ya pili ni uchachushaji: bakteria wa maziwa yaliyochachushwa, na wale wanaoivisha jibini kwa miezi kadhaa, wana vimeng'enya vyao vinavyofanya kazi hiyo kabla chakula hakijafika mdomoni. Ya tatu ni kiwandani, ambako protini humwagiwa vimeng'enya vilivyochaguliwa, kisha vipande vinavyopatikana hukaushwa kuwa poda.

3. Mfupa si kalsiamu tu? Protini inaingiaje hapo?

Takriban theluthi moja ya uzito wa mfupa mkavu si madini, na sehemu kubwa ya theluthi hiyo, karibu asilimia 90, ni protini iitwayo kolajeni. Fundi wa ujenzi atalielewa jambo hili haraka: kolajeni ni nondo, na madini ya kalsiamu na fosfeti ni zege. Zege bila nondo ni gumu lakini hupasuka likipindwa, na nondo bila zege hazibebi mzigo. Kupungua kwa madini ndiko kunakotajwa zaidi kwa sababu huonekana kwenye eksirei, ilhali ubora wa kolajeni hauonekani huko.

Mfupa pia ni kiungo hai. Seli aina ya osteoklasti huubomoa mfupa wa zamani, na seli aina ya osteoblasti huweka mpya mahali pake, kiasi kwamba mtu mzima hubadilisha takriban asilimia 10 ya mifupa yake kila mwaka. Mizani hiyo huelemea upande wa kujenga katika ujana, hukaribiana karibu na umri wa miaka 30, na baadaye huelemea upande wa kubomoa, hasa kwa wanawake baada ya ukomo wa hedhi, homoni ya estrojeni inapopungua. Madai yote kuhusu peptidi na mifupa, ukiyachambua, yanaangukia katika mambo matatu: kusaidia kalsiamu iingie mwilini, kuzichochea osteoblasti, au kuzizuia osteoklasti.

4. Nilisoma kwamba protini nyingi huondoa kalsiamu kwenye mifupa. Je, ni kweli?

Dhana hiyo ilikuwa na msingi. Mtu akiongeza protini, kalsiamu katika mkojo wake huongezeka, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba inatoka mfupani, ikichotwa ili kupunguza asidi inayotokana na protini. Baadaye watafiti walitumia kalsiamu yenye alama za isotopu, wakaweza kufuatilia ilikotoka. Walikuta kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na utumbo kufyonza kalsiamu nyingi zaidi kutoka kwenye chakula.

Tafiti zilizofuata, zilizokusanya matokeo ya watu wengi, hazikuonyesha kwamba protini hudhuru mifupa ya mtu anayepata kalsiamu ya kutosha. Kinyume chake, wazee wanaokula protini kidogo mno wako hatarini, kwa kuwa wanapoteza misuli, na misuli ikidhoofika mtu huanguka. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2012 kuhusu madai ya kiafya kwenye vyakula, uliruhusu kauli kwamba protini huchangia kudumisha mifupa ya kawaida. Ruhusa hiyo ilihusu protini kwa jumla. Wauzaji wa peptidi hulisahau jambo hili mara kwa mara.

## Safari kutoka mdomoni hadi mfupani

5. Kama tumbo husaga protini zote, peptidi zinawezaje kufika mfupani zikiwa nzima?

Hili ndilo swali ambalo kila mnunuzi angepaswa kuanza nalo. Peptidi nyingi hazifiki. Zile ndefu huendelea kukatwa tumboni, utumboni na hata ndani ya seli za ukuta wa utumbo, na kinachoingia kwenye damu mwishowe ni asidi amino mojamoja, zisizo na kumbukumbu ya zilikotoka.

Hata hivyo kuna mlango wa pembeni. Ukuta wa utumbo mdogo una kisafirishi kiitwacho PepT1, ambacho hupokea peptidi zenye asidi amino mbili au tatu. Nyingi zinazopitia hapo huvunjwa upande wa pili, lakini zile zenye asidi amino iitwayo prolini, na hasa haidroksiprolini, huwa sugu kwa sababu umbo lake la pete huvipa vimeng'enya shida ya kukata. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walieleza kwamba baada ya watu kunywa kolajeni iliyokatwa kiwandani, peptidi ya prolini na haidroksiprolini ilipatikana kwenye damu yao ikiwa nzima. Ni kwa sababu hii kolajeni hujadiliwa kwa uzito kuliko vyanzo vingine vingi.

Peptidi nyingine hazihitaji kuingia kwenye damu kabisa, kwa kuwa kazi yake iko ndani ya utumbo. Mfano wake uko katika swali la 7.

6. Utafiti wa maabara umeonyesha kwamba peptidi fulani hukuza seli za mfupa. Je, hiyo haitoshi?

Haitoshi. Seli zilizo kwenye sahani ya maabara humwagiwa peptidi moja kwa moja, mara nyingi kwa kiwango ambacho damu ya mlaji haiwezi kukifikia. Baada ya seli hufuata panya, ambao hutolewa ovari ili wapoteze mfupa haraka, kisha hulishwa peptidi kwa wiki kadhaa. Baada ya panya hufuata vipimo vya damu kwa binadamu, kisha vipimo vya wingi wa madini mfupani, na mwisho kabisa idadi ya mifupa iliyovunjika. Peptidi nyingi zinazosifiwa zimeishia hatua ya kwanza au ya pili. Hakuna ubaya kwa sayansi kuanzia hapo. Ubaya ni pale tangazo linaporuka hatua tatu zilizobaki.

## Peptidi zinazotajwa zaidi

7. Fosfopeptidi za kaseini ni nini?

Kaseini ndiyo protini kuu ya maziwa. Ikikatwa hutoa vipande vyenye fungu la asidi amino za serini zilizobeba fosfeti, zikifuatwa na glutamati mbili. Fungu hilo lina chaji hasi nyingi, na kalsiamu yenye chaji chanya hunasa hapo. Faida inayotarajiwa ni kwamba kalsiamu iliyoshikwa hivyo hubaki imeyeyuka katika utumbo mdogo, badala ya kuungana na fosfeti ikawa chembe ngumu zisizofyonzwa.

Wazo hili ni la siku nyingi. Mwaka 1950, Mellander, mtafiti wa Sweden, alieleza kwamba peptidi hizi ziliboresha uwekaji wa madini mfupani kwa watoto wachanga wenye matege, hata pasipo vitamini D. Tangu hapo matokeo kwa binadamu yamekuwa ya kupanda na kushuka. Katika baadhi ya milo ufyonzaji wa kalsiamu uliongezeka kiasi, na katika mingine haukubadilika, kutegemea vitu vingine vilivyomo kwenye mlo, hasa faiteti za nafaka zisizokobolewa, ambazo nazo huishika kalsiamu. Kwa maoni yangu mafanikio ya wazi zaidi ya peptidi hizi yako kinywani: zikichanganywa na kalsiamu fosfeti hutumiwa na madaktari wa meno kurudisha madini kwenye tabaka la nje la jino. Jino halina utumbo wa kupitia, kwa hiyo kazi ni nyepesi.

8. Peptidi za kolajeni zina ushahidi gani hasa?

Kati ya zote, hizi ndizo zilizofika mbali zaidi katika ngazi iliyoelezwa kwenye swali la 6. Jaribio linalotajwa mara nyingi lilichapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Ujerumani. Wanawake 131 waliopita ukomo wa hedhi, ambao mifupa yao ilikuwa imeanza kupungua madini, waligawanywa kwa kubahatisha katika makundi mawili. Kundi moja lilitumia gramu 5 za peptidi za kolajeni kila siku kwa miezi 12, na jingine poda ya kufanana isiyo na peptidi hizo. Mwishoni, wingi wa madini katika uti wa mgongo na shingo ya mfupa wa paja ulikuwa bora katika kundi la kolajeni, na kipimo cha damu kinachoonyesha ujenzi wa mfupa kilipanda.

Matokeo hayo yanatia moyo, lakini yasomwe pamoja na mipaka yake. Idadi ya wanawake ilikuwa ndogo, utafiti uliungwa mkono na mtengenezaji wa poda, na haukuweza kupima kama mifupa ilivunjika mara chache zaidi, jambo linalohitaji maelfu ya watu na miaka kadhaa. Aidha, si majaribio yote yanayokubaliana. Jaribio la Brazil lililowapa wanawake wa aina hiyohiyo gramu 10 kwa siku, kwa wiki 24, halikuona mabadiliko katika vipimo vya damu vya ujenzi na ubomoaji wa mfupa. Huenda muda ulikuwa mfupi, huenda aina ya poda ilikuwa tofauti. Kolajeni iliyokatwa na vimeng'enya viwili tofauti ni bidhaa mbili tofauti, hata kama jina kwenye kopo ni moja.

9. Kuna tofauti gani kati ya kolajeni, gelatini na peptidi za kolajeni?

Ni protini ileile katika ukubwa tofauti. Kolajeni asilia ni kamba ya minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja, yenye uzito wa takriban daltoni 300,000 (daltoni ni kizio cha uzito wa molekuli). Ikichemshwa, kamba hiyo hufumuka na kuwa gelatini, ambayo huganda ikipoa. Gelatini ikikatwa na vimeng'enya hutoa peptidi za kolajeni, zenye uzito wa daltoni elfu chache tu, ambazo huyeyuka hata katika maji baridi na hazigandi.

10. Je, supu ya mifupa hufanya kazi ileile?

Supu iliyochemshwa muda mrefu ina gelatini, nayo ikisagwa tumboni hutoa sehemu ya peptidi zilezile. Tatizo ni kipimo: kiasi cha gelatini hutegemea aina ya mfupa, kiasi cha gegedu na ngozi iliyobaki, maji na saa za kuchemsha, hivyo huwezi kujua umekunywa gramu ngapi. Kuhusu kalsiamu, wengi hukatishwa tamaa na ukweli kwamba supu hiyo ina kalsiamu kidogo sana, kwa sababu madini ya mfupa hayayeyuki kirahisi kwenye maji ya moto. Inywe kwa ladha yake.

11. VPP na IPP ni nini?

Ni peptidi mbili za asidi amino tatutatu: valini au isoleusini, ikifuatwa na prolini mbili. Hupatikana kwenye maziwa yaliyochachushwa na bakteria aina ya *Lactobacillus helveticus*, na zilijulikana kwanza kwa sababu ya shinikizo la damu, kwani huzuia kimeng'enya kinachotengeneza homoni ya anjiotensini II. Uhusiano wake na mifupa unatokana na hapo, kwa kuwa anjiotensini II huchochea ubomoaji wa mfupa. Katika maabara IPP imeonekana kuzichangamsha osteoblasti. Ushahidi wa aina hii unapaswa kupimwa kwa maelezo ya swali la 6.

12. Je, laktoferini nayo ni peptidi?

Hapana, ni protini nzima ya maziwa yenye takriban asidi amino 690, ingawa vipande vyake pia vimechunguzwa. Katika maabara huzikuza osteoblasti na kupunguza uundwaji wa osteoklasti. Nchini Japani, mchanganyiko wa protini za maziwa zenye tabia ya besi (kinyume cha asidi), uitwao kwa kifupi MBP, umejaribiwa kwa wanawake kwa kiasi kidogo cha miligramu 40 kwa siku, na ongezeko la madini mfupani likaripotiwa. Huwekwa kundi moja na peptidi kwa urahisi wa mazungumzo tu.

13. Mtu asiyekula vyakula vya wanyama afanyeje?

Mimea haina kolajeni, na bidhaa inayoitwa «kolajeni ya mimea» kwa kawaida ni mchanganyiko wa asidi amino na vitamini C. Peptidi za soya na za mbegu nyingine zimeonyesha uwezo wa kushika kalsiamu maabarani, lakini utafiti wake kwa binadamu haujafika ilikofika kolajeni. Mtu huyu atafaidika zaidi akihakikisha anapata protini ya kutosha kutoka kwenye jamii ya kunde, pamoja na kalsiamu, vitamini D na vitamini B12.

## Matumizi ya kila siku

14. Nitumie kiasi gani, na kwa muda gani?

Kwa peptidi za kolajeni, majaribio ya mifupa yametumia gramu 5 hadi 10 kwa siku. Mzunguko mmoja wa kubomoa na kujenga mfupa huchukua miezi kadhaa, kwa hiyo muda usiofika mwaka mmoja hauwezi kutoa jibu la maana kuhusu wingi wa madini. Anayeahidi mifupa mipya ndani ya siku 30 hajui mfupa unavyofanya kazi, au anajua na ananyamaza.

15. Je, peptidi zinaweza kuchukua nafasi ya kalsiamu na vitamini D?

Haziwezi. Hata peptidi inayosaidia ufyonzaji wa kalsiamu haina cha kusaidia ikiwa kalsiamu yenyewe haipo. Mapendekezo ya Marekani ya mwaka 2011 ni miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku kwa watu wazima wengi, na 1,200 kwa wanawake wenye umri wa zaidi ya miaka 50. Protini kwa jumla inapendekezwa kuwa angalau gramu 0.8 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na wataalamu wengi wa lishe ya wazee hushauri gramu 1.0 hadi 1.2. Vitamini C nayo isisahaulike, kwa kuwa bila hiyo mwili hauwezi kuibadilisha prolini kuwa haidroksiprolini, na kolajeni inayoundwa huwa dhaifu. Mwenye bajeti finyu ashughulikie haya kwanza, pamoja na mazoezi yanayoubebesha mfupa uzito.

16. Je, poda ya kolajeni inaweza kuwa chanzo changu kikuu cha protini?

Isiwe hivyo. Kolajeni haina kabisa triptofani, ambayo ni moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na kwa vigezo vya ubora wa protini alama yake ni sifuri. Ichukuliwe kama nyongeza juu ya mlo wenye protini kamili. Gramu 20 zilizoandikwa kwenye kopo la kolajeni hazilingani na gramu 20 za mayai.

17. Nisome nini kwenye lebo?

Angalia chanzo cha protini, kwa sababu ya mzio na ya imani: kolajeni hutoka kwenye ngozi ya ng'ombe, ya nguruwe, au kwenye ngozi na magamba ya samaki. Angalia gramu za peptidi kwa kila kipimo, maana bidhaa nyingine hujaza sukari na vionjo. Kama lebo inataja utafiti, jiulize iwapo utafiti huo ulitumia bidhaa hiyohiyo, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 8.

## Hali maalumu

18. Nina mzio wa maziwa au samaki. Je, kukatwa kwa protini hakuondoi mzio?

Hupunguza, lakini hakuuondoi kwa uhakika, kwa kuwa kipande kifupi bado kinaweza kubeba sehemu inayotambuliwa na kinga ya mwili. Epuka peptidi zitokazo kwenye chakula kinachokudhuru, isipokuwa daktari wa mzio ameelekeza vinginevyo.

19. Nimewahi kupata mawe ya figo. Je, kolajeni ni salama?

Hapa tahadhari inahitajika. Haidroksiprolini inapovunjwa mwilini, sehemu yake hugeuka kuwa oksaleti, na mawe mengi ya figo ni ya kalsiamu oksaleti. Utafiti uliowapa watu gramu 30 za gelatini ulionyesha kwamba oksaleti katika mkojo iliongezeka kuliko walipotumia protini ya maziwa. Kiasi hicho ni kikubwa kuliko gramu 5, lakini mtu mwenye historia ya mawe azungumze na daktari kwanza. Mwenye ugonjwa sugu wa figo vilevile asiongeze protini ya aina yoyote bila ushauri, na mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja asidi amino iitwayo fenilalanini, akumbuke kwamba peptidi hizi zina fenilalanini.

20. Daktari ameniandikia sindano ya teriparatidi, nayo ni peptidi. Kwa nini nisimeze peptidi za chakula badala yake?

Teriparatidi ni asidi amino 34 za mwanzo za homoni ya paradundumio, na imeidhinishwa Marekani tangu mwaka 2002 kutibu osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi. Huchomwa sindano kwa sababu ile iliyotajwa katika swali la 5: ikimezwa ingesagwa kama kipande cha nyama. Ilipimwa hadi kiwango cha kuvunjika kwa mifupa, ikapunguza. Zinafanana kwa jina la kikemia pekee, na kuacha dawa hiyo kwa ajili ya poda ni hatari.

21. Nimeanza kutumia peptidi. Nitajuaje kama zinanisaidia?

Kuhisi nguvu au kupungua kwa maumivu ya viungo hakuonyeshi lolote kuhusu mfupa, kwani mfupa hupungua bila kuuma. Kipimo kinachotumika ni DXA, aina ya eksirei yenye mionzi midogo inayopima wingi wa madini mfupani. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1994, alama ya −2.5 au chini yake, ikilinganishwa na kijana mwenye afya, ndiyo osteoporosisi.

Rudia kipimo baada ya mwaka mmoja au miwili, kwenye mashine ileile, kwa kuwa mashine mbili hutofautiana. Hata kwenye mashine moja, tofauti ya asilimia moja au mbili inaweza kutokana na namna ulivyolala kitandani siku hiyo. Mwombe mtaalamu akwambie ni mabadiliko ya kiasi gani mashine yake inaweza kuyatambua kwa uhakika, kisha ulinganishe na yako.